Gambuti na Jiwe: Udhu Wetu Katika Milima ya Rwenzori



Wazazi wetu wa Dadamu, tangu turudi wengi mmetuuliza: vijana wamejifunza nini Rwenzori kwa siku 7 ambacho hawakipati madrasa? Habari za mbega na kinyonga wa pembe tatu watawasimulia wenyewe. Sisi tutaeleza habari ya udhu.

Tulitoka Arua kupitia Pakwach, Hoima na Fort Portal, walimu wawili, wazee watatu na vijana wanane. Pale Nyakalengija, upande wa Kasese, Wakonzo wenyeji wa milima walitupokea, wakawa viongozi na wapagazi wetu. Milima hii ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Huko juu kwenye theluji hatukwenda. Tulifuata njia ya kuzunguka na kulala katika vibanda.

Usiku wa kwanza, Nyabitaba, pimbi walilia mitini kama watu wanaokabwa. Kijana mmoja alianza kusoma Ayatul Kursiyy kwa sauti kubwa. Asubuhi, ujasiri uliporudi, akauliza kama nyama ya pimbi ni halali. Kwa Shafi'i ni halali, lakini hifadhini hawindwi mnyama, basi tukala samaki wetu wakavu wa Pakwach.

Swala tulifupisha na kukusanya, kama msafiri alivyoruhusiwa. Kibla kule ni kaskazini ukielekea kidogo mashariki, kama kwetu. Jua hufichwa na ukungu, kwa hiyo tulitegemea dira na saa.

Mtihani ulikuwa miguu. Njia ile ni matope, na kwenye kinamasi cha Bigo huwezi kupita bila gambuti. Vijana wamehifadhi hadithi ya Sayyidna Ali (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea msafiri siku tatu na usiku wake kupaka maji juu ya khofu, na mkazi siku moja na usiku wake. Gambuti linafunika vifundo vya miguu, halipitishi maji na unatembea nalo; kwa Shafi'i linatosha, mradi ulilivaa ukiwa na udhu kamili. Walifurahi sana, mpaka jioni walipolivua na kuambiwa kwamba ukivua, ruhusa imekatika, osha miguu. Basi kila jioni tulichemsha maji, na kila asubuhi tukaanza upya.

Lakini mzee wetu mmoja, Haji, anafuata Imam Malik, na kwa Malik khofu ni ya ngozi, si ya mpira. Siku ya pili, adhuhuri, alivua akaosha miguu katika mto Bujuku, maji ya barafu. Siku ya tatu alipofika mtoni, vidole vilikuwa vimekufa ganzi na meno yanagongana. Kiongozi wa njia akasema wazi kwamba akiendelea hivyo, atabebwa kushuka.

Kijana mmoja akasema, "Maalim, mwambie Haji anajitesa bure."

Haji akajibu, "Mwanangu, mimi sijaikataa njia yako. Na wewe usiikatae yangu."

Hatukumwambia aiache. Tulimkumbusha kwa adabu kwamba madhehebu yake mwenyewe yana mlango: anayeogopa kudhurika kwa maji, na hana pa kuyapasha moto, atayammamu. Na hapo ndipo vijana walipofungua macho. Shafi'i anataka udongo wenye vumbi, na Rwenzori vumbi utalipata wapi? Kila kitu ni tope na kuvu. Malik anakubali hata jiwe tupu. Haji akapiga viganja juu ya jabali, akapaka uso na mikono.

Swali likaja papo hapo, na lilikuwa swali zuri: je, sisi wa Shafi'i tunaweza kuswali nyuma yake? Wanavyuoni wamelijadili tangu zamani. Wako wanaotazama itikadi ya maamuma na wako wanaotazama itikadi ya imamu. Sisi tulishika kauli ya pili, na ndiye mkubwa wetu kwa umri na mjuzi wetu wa Qur'ani.

Haji akavaa gambuti zake, akasonga mbele. Tukajipanga nyuma yake kwenye nyasi zilizolowa, rakaa mbili za Adhuhuri, kisha mbili za Alasiri, na mvua ikaanza kabla hajatoa salamu.