Msangu ndani ya ngome ya Kalenga

Leo naweka siasa pembeni. Tuongee mchezo.

Kuna michezo ya kuigiza inayochezwa mezani, bila jukwaa wala kompyuta. Unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anabeba mhusika wake, na penye mashaka dadu inaamua.

Sisi wa Mbeya na wenzetu wa Iringa tuliachana na mazimwi ya Wazungu, tukacheza ya kwetu: Kalenga, Oktoba 1894, Wajerumani wanakuja kuiteka ngome ya Mkwawa. Jamaa mmoja alileta kurasa tatu za maisha ya shujaa wake wa Kihehe: alizaliwa wapi, anamchukia nani, atakufaje. Mwenzangu wa Mbeya alileta sentensi moja tu: "Mimi ni Msangu, nabeba mizigo."

Anayeijua historia ataelewa kwa nini tulitazamana. Merere, mtemi wa Wasangu, alikuwa upande wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Meza nzima ilisubiri usaliti. Mwenyewe alisema hajui atafanya nini.

Mizinga ikaanza. Msimuliaji akampa mwanya: ukuta umebomoka, nje wako rafiki za mtemi wako, toka tu. Jamaa akanyamaza. Kisha akauliza, "Yule bibi aliyenipa maji jana yuko wapi?" Bibi mwenyewe msimuliaji alishamsahau! Msangu akarudi ndani kumtafuta. Dadu ikamkataa, akafia humo.

Shujaa wa kurasa tatu naye alikufa, kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyeshtuka.

Kwangu mimi, tabia ya mhusika huonekana pale anapobanwa achague. Na hilo si geni kwetu. Vikundi kama Muungano vilikubaliana kisa tu, maneno yakazaliwa jukwaani.

Ila kilichonikaa rohoni ni kingine. "Wasangu walikuwa na Mjerumani": tunaisema kwa pumzi moja, kabila zima limeshahukumiwa. Merere alichagua lake. Wabeba mizigo hakuna aliyewauliza.

Wewe ungetoka, au ungerudi kwa bibi? Usijibu haraka.