Gego la Mwisho

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kunisumbua mwezi wa nane, nikiwa wilayani Bahi nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Nilikuwa nawahoji wakulima wa mtama na uwele. Siku ya tatu mdomo ukagoma kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Mama mmoja niliyekwenda kumhoji alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, akaniona navuta mlenda peke yake, ugali nimeuacha. Akacheka, kisha akanionea huruma. "Nenda mjini ukaling'oe hilo, mwanangu."

Sikwenda. Nilinunua antibayotiki na dawa za maumivu duka la dawa, uvimbe ukashuka. Mwezi wa kumi ukarudi. Desemba ukarudi tena, wiki mbili kabla ya kuwasilisha utafiti wangu idarani. Hapo nikapanda daladala kutoka chuoni hadi Jamatini, nikaingia kliniki ya meno.

Dokta alikuwa dada wa makamo, mpole wa sauti. Alinipiga picha ya eksirei inayoonyesha taya lote, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta. Magego ya mwisho, alisema, kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Wengine hawayapati kabisa. Langu lilikosa nafasi, likalala ubavu na kumwegemea jirani yake. Fizi ilikuwa imelifunika nusu, na chakula kikiingia chini yake hakitoki kwa mswaki. Ndiyo maana uvimbe ulikuwa unarudi.

"Tunaweza kutoa hili moja, au yote manne kwa mpigo," alisema. "Lakini kuna mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya, na mzizi wa jino hili uko karibu nao. Ukiguswa, mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi. Mara chache haiishi kabisa. Sikutishi. Nakwambia ili uamue."

Kisha akanyamaza, akasogeza kidole juu ya picha.

"Chonge lako la chini kulia liko wapi?"

Nilimwambia sikuwahi kuwa nalo. Meno ya jirani yamesogeleana, wala huoni pengo. Nilidhani nimezaliwa hivyo.

"Na la kushoto limeumbika vibaya. Ulipokuwa mchanga, uliwahi kutolewa meno ya plastiki?"

Neno hilo nalijua, kama anavyolijua kila aliyekulia huku. Tangu miaka ya 1980 limezunguka Tanzania: mtoto mchanga akipata homa au kuhara, fizi zake zikaonekana zimevimba pale machonge yatakapoota, watu husema ana meno ya plastiki, yatamuua yasipotolewa. Mtaalamu wa kienyeji huchimbua fizi na kutoa kitu cheupe, laini. Kitu hicho ni jino la utoto lenyewe, halijakomaa. Chini yake kuna chimbuko la jino la ukubwani, nalo huweza kuharibika pamoja nalo. Wako watoto waliokufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi. Nilijua yote haya. Sikujua kwamba yamo kinywani mwangu.

Usiku nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na habari za mvua, nikamuuliza. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Ulikuwa na miezi sita," alisema. "Umeharisha siku nne, macho yameingia ndani. Yule mama alikuja na spoki ya baiskeli aliyoinoa. Kichwa chako nilikishika mimi mwenyewe."

Nikataka kuuliza kwa nini. Hakusubiri.

"Kaka yako alikwenda hivyo hivyo, mwaka mmoja kabla yako. Wakasema nilichelewa. Kwako sikutaka kuchelewa."

Nilijua nilikuwa na kaka aliyefariki. Sikuwahi kuambiwa kwamba walimtupia mama lawama.

Usiku ule nilimkumbuka pia bibi, mzaa mama. Yeye alikuwa Mgogo wa zamani: meno mawili ya mbele ya chini hakuwa nayo, yaling'olewa akiwa msichana mdogo kama ilivyokuwa desturi. Tulipomuuliza alisema ndio urembo, tena ukipatwa na pepopunda taya zikakaza, uji utapitia hapo. Alijivunia pengo lake, akipenda kupitisha ulimi ili kutuchekesha. Lakini sidhani kama kuna aliyemuuliza anataka au hataki.

Mimi niliulizwa, na nikaona kuulizwa nako ni kazi. Mwenzangu wa chumba alisema toa yote, maumivu ya mara moja. Nikasoma. Marekani vijana wengi hung'olewa yote manne kabla hayajaanza kuuma. Uingereza, mwongozo wa NICE wa mwaka 2000 unashauri gego la mwisho lisilo na ugonjwa liachwe. Kung'oa yote kungenigharimu karibu kodi yangu ya miezi mitatu, lakini pesa haikuwa sababu kubwa. Sikutaka tena kitolewe kinywani mwangu kitu kizima kwa hofu ya ugonjwa ambao haujaja. La kushoto, hata hivyo, lilikuwa limeumwa mara tatu. Kuling'ang'ania hilo nako kungekuwa ni hofu tu.

Nilirudi, nikasaini fomu baada ya kuisoma mstari kwa mstari: moja litoke, matatu yabaki, yaangaliwe kila mwaka. Dokta alinichoma ganzi, akakata fizi, akaligawa jino vipande viwili. Sikusikia maumivu, nilisikia msukumo na mlio wa mfupa. Nikarudi nyumbani nimeuma pamba. Nisitumie mrija, nisiteme kwa nguvu, kesho nianze kusukutua taratibu maji ya chumvi ya vuguvugu.

Leo ni wiki ya sita. Nakula ugali. Sehemu ndogo ya kidevu, kama sarafu ya shilingi mia, bado ina ganzi. Dokta anasema inaelekea kurudi. Ikirudi nitafurahi. Isiporudi, nilikuwa nimeambiwa.

Jumapili iliyopita mama alipiga mapema kuliko kawaida. Mtoto wa dada yangu, mwenye miezi saba, alikuwa ameamka na homa, anaharisha, fizi zimetuna. Majirani walishaanza kumtaja mtu.

Niliinuka kitandani. "Mama, mpelekeni zahanati. Msimguse fizi. Mpeni ORS, na dada aendelee kumnyonyesha..."

"Tuko zahanati tangu saa moja," alinikatisha. Nyuma yake nilisikia mtoto analia, kwa sauti yenye nguvu. "Nilitaka tu ujue."