Kipimo cha Banda la Kuku

Kuku ni mnyonge wa kudai haki. Hana kauli ya kumwambia mjenzi kuwa nyumba aliyojengewa ni finyu. Huugua, hudonoana na wenziwe au huacha kutaga; na mwenyewe hudhani kuwa ndege wake wamerogwa, kumbe wamebanwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kufuga hana budi kumsemea kuku kabla ya msingi kuchimbwa.

Nyumbani kwetu ada yangu ya shule ilitarajiwa kutoka katika mayai. Mama alipokusudia kujenga banda uani, mjomba, ambaye ni seremala, alishauri lijengwe kubwa kadiri ya mabati yaliyosalia katika ujenzi wa nyumba.

"Dada," alisema, "mabati yapo, kwa nini tuyafanyie uchoyo?"

"Mabati yapo, ndugu yangu," mama alijibu, "lakini chakula cha kuku wa kulijaza banda hilo hakipo."

Jibu hilo lilinionyesha mahali pa kuanzia hesabu. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku 20 hula kilo 2.4, yaani kilo 72 kwa mwezi wa siku 30. Mzigo huo mama aliweza kuuchukua. Wa kuku 40 ungalimwelemea. Idadi ikawa 20, na ukubwa wa banda ukaifuata idadi.

Kipimo kinachofuatwa na wafugaji wengi ni hiki: kuku anayeshinda nje na kuingia ndani kulala tu, futi 2 za mraba zamtosha, anayefungiwa usiku na mchana apewe futi 4. Kuku wetu hawakuweza kuachwa huru, kwa hofu ya mwewe na kwa heshima ya mboga za jirani. Basi walistahili futi 80 za mraba: urefu futi 10, upana futi 8. Katika ufito wa kulalia, kila kuku alihitaji inchi 8. Fito mbili za futi 8 ziliwatosha wote na nafasi ikabaki. Viota vilikuwa vinne, kimoja kwa kuku watano. Kimo cha banda kilikuwa cha mtu kusimama wima, maana banda linaloingiwa kwa kutambaa hufagiwa kwa nadra.

Udogo una hasara zake. Kinyesi hujaa upesi, maranda yaliyotandazwa sakafuni hulowa, hewa huwa kali puani na machoni, na ugonjwa wa kuhara damu hupata makao. Ukubwa nao una hasara zake. Mbao na mabati yasiyo na kazi ni fedha iliyolala, ambayo ingalinunua chakula na chanjo ya kideri. Tena nafasi tupu humshawishi mtu kuongeza kuku asioweza kuwalisha, na mtaka yote hukosa yote.

Mjomba hakupuuzwa. Alikuwa na haki kusema kuwa mfugaji hukua. Kwa shauri lake, ukuta mmoja, ule uliotazama upande wenye ardhi wazi, ulifanywa wa mbao za kung'olewa, ili banda lirefushwe siku mfuko utakaporuhusu. Mabati yaliyobaki yaliwekwa ghalani.

Mayai hayakulipa ada yote. Yalilipa sehemu yake kila muhula, na sikufukuzwa darasani kwa ajili ya deni. Msomaji, siku utakapojenga banda lako, hesabu kwanza vinywa utakavyoweza kuvilisha, kisha chukua kamba ya kupimia. Kuku hawatakushukuru kwa maneno; shukrani yao utaiokota katika viota.