Permakalcha Katika Nchi ya Theluji

Maendeleo ya mtu anayejifunza kubuni shamba kwa njia ya permakalcha huonekana kwenye michoro yake kabla ya kuonekana kwenye mavuno. Mchoro wa kwanza huwa orodha ya mimea iliyogawiwa mahali: mtufaha hapa, nyanya pale. Inayofuata huanza na mambo yasiyopandwa, yaani maji, kivuli na theluji. Mwandishi wa simulizi hii alipitia hatua hizo kwenye ua wa nyumba huko Saint Louis Park, mji wa watu wapatao 50,000 unaopakana na Minneapolis upande wa magharibi, jimboni Minnesota, Marekani.

Permakalcha ilipewa jina nchini Australia na Bill Mollison na David Holmgren, waliochapisha kitabu chao cha kwanza mwaka 1978. Aliyekulia Uchagani hashangazwi na kiini chake, yaani kuzifanya sehemu za shamba zitegemeane, kwani kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, huweka migomba, kahawa, miti na ng'ombe wa zizini vitegemeane. Jambo geni ni kulifanya hilo mahali ambapo ardhi huganda kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo uchunguzi, ambao walimu wa fani hii huutanguliza mbele ya jembe, hapa huanza wakati wa baridi. Mji uko karibu na nyuzi 45 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 22 hivi tu, na kivuli cha ukuta huwa mara mbili na nusu ya kimo chake. Juni, kivuli hicho hakifiki hata nusu ya kimo. Theluji nayo hufundisha bila ada. Inapoyeyuka, mahali panapotangulia kuonyesha udongo, mara nyingi chini ya ukuta unaotazama kusini, ndipo penye joto la kuwahisha mboga. Inapochelewa kuyeyuka panafaa miti ya matunda, kwa sababu maua yakiwahi kuchanua huuawa na jalidi ya Mei.

Lakini ukuta huohuo wenye joto una historia. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za mji huu ni za zamani zaidi, hivyo udongo wa chini ya kuta huweza kuwa na mabaki yake. Saint Louis Park yenyewe inajua gharama ya ardhi iliyochafuliwa: kiwanda cha Reilly Tar kilichosafisha lami ya makaa na kutia mbao kreosoti kati ya 1917 na 1972 kilichafua maji ya chini ya ardhi, na baadhi ya visima vya mji vikafungwa. Kupeleka udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota ndiyo matumizi ya kwanza ya fedha yenye maana, kabla ya kununua mche wowote. Majibu yakiwa mabaya, mboga hupandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa, yaliyojazwa udongo wa kununua.

Udongo wa kununua nao una mgeni wake. Nyungunyungu warukao, wenye asili ya Asia, husafiri ndani ya mboji na matandazo, hula majani yote yaliyoanguka juu ya ardhi na kuacha udongo wa chengachenga usioshika mizizi. Mkulima aliyezoea kufurahia kila nyungunyungu hulazimika kuwatazama upya.

Kuhusu maji, vitabu vya permakalcha husifu mtaro wa kontua ambao udongo wake hutupwa upande wa chini. Wakulima wa Ukambani wanaufahamu kama fanya chini, ingawa sifa nyingi huko zimekwenda kwa fanya juu. Kiwanja cha mjini kisicho na mteremko hakihitaji yoyote kati ya hiyo miwili. Maji yake hutoka paani: mita za mraba 100 zikipata mvua ya milimita 25 hutoa lita 2,500. Huelekezwa kwenye bonde dogo mbali na msingi wa nyumba, nalo huachiwa njia ya kufurikia, kwani ardhi iliyoganda hainywi. Kabla ya kulichimba, sheria inataka simu ipigwe 811 ili mabomba na nyaya vitiwe alama.

Mimea huja mwisho. Tufaha la Honeycrisp, lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, huhimili baridi lakini huhitaji chavua ya aina nyingine, kama Haralson ya 1922. Sukuma wiki hustahimili jalidi za kwanza. Managu haistahimili, hivyo miche yake huanzishwa ndani ya nyumba.

Permakalcha hugawa eneo katika kanda, na ile ya tano, ya pori linaloachwa lijiendeshe, haienei kwenye kiwanja cha mji. Huangaliwa Westwood Hills, hifadhi ya mji yenye ziwa, kinamasi na msitu. Mchoro wa sasa umechukua huko mpangilio wa ukingo wa msitu: miti upande wa kaskazini, vichaka vya matunda katikati, na mboga upande wa kusini, kivuli kisikofika.