Kima Halali, Kababu Mbichi



Ramadhani moja tulinunua kima mjini asubuhi, tukapanga foleni ya feri juani, tukafika kwetu Bofu adhuhuri. Nyama ikakaa mezani hadi karibu na magharibi, ikafinyangwa kababu nene, zikakaangwa kwa moto mkali. Nje zilipendeza, ndani zilikuwa mbichi. Usiku wa tatu mjukuu wetu akaanza kuhara damu. Daktari hakutuuliza nani aliyechinja. Alituuliza, "Nyama iliiva?" Sisi tuliokuwa tukiwasomesha watu masharti ya kuchinja kwa miaka mingi, tulikosa jawabu.

Tulilojifunza ni hili. Vijidudu hukaa juu ya pande la nyama, na moto huvifikia upesi. Nyama ikisagwa, vya juu huingia ndani, navyo husalimika pale katikati pasipoiva. Huko Marekani, kati ya mwaka 1992 na 1993, mamia waliugua na watoto 4 wakafariki kwa nyama ya kusaga isiyoiva.

Basi, mama zetu na dada zetu, kima inunuliwe mwisho wa shughuli, si mwanzo. Katika joto letu la kiangazi isikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa moja, na ipikwe siku ile ile au ya pili yake. Barafu huvilaza vijidudu, haiviui. Wala ndimu si badala ya moto. Mikono, kisu na kibao vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Kima ya sambusa iive kabisa kabla ya kufungwa. Kababu ziwe ndogo na bapa, kwa moto wa wastani. Rangi huweza kudanganya, hivyo mwenye kipimajoto angoje nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Asiye nacho apasue iliyo nene kuliko zote: ikiwa na wekundu au majimaji ya damu, zote zirudi motoni. Aliyefunga haonji, lakini kupasua anaweza.

Mola ametutaka tule kilicho halali na twayyib. La kwanza tuliliuliza buchani. La pili tulilisahau jikoni.

Mjukuu wetu alipona, alhamdulillah. Mola awahifadhi watoto wetu sote. Amin.