Kasi na Ujuzi katika Sataranji

Wahenga waliacha methali mbili zinazoonekana kugombana. Moja husema haraka haraka haina baraka. Ya pili husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika sataranji ya haraka, ichezwayo kwa intaneti, methali hizi mbili huwa kweli kwa wakati mmoja. Akimbiaye bila ya kutazama hupoteza malkia wake. Atazamaye bila ya kukimbia humalizikiwa na saa yake. Njia ni mbili, lakini kushindwa ni kule kule.

Sataranji ilizaliwa Bara Hindi, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na kwao Kiswahili kikapata jina lake. Kwa karne nyingi mchezaji aliweza kufikiri hata mwenziwe akasinzia. Saa pacha za mchezo, moja kwa kila mchezaji, zilitumiwa katika mashindano ya London mwaka 1883. Tangu zama hizo wakati umekuwa mali yenye kutumika na kwisha. Kwa kanuni za Shirikisho la Sataranji la Dunia, mchezo wa haraka ni ule ambao kila mmoja hupewa dakika 10 au pungufu yake. Katika intaneti dakika 3 ni kipimo cha kawaida. Hesabu yake ni fupi: dakika 3 ni sekunde 180, na mchezo wa hatua 40 humpa mtu sekunde 4 na nusu kwa hatua moja.

Kwa sababu hii wengi hudhani ya kuwa dawa ya uzito ni kukimbia zaidi. Mtu hucheza michezo 30 usiku mmoja, na 30 mingine usiku wa pili. Mwaka hupita, akajikuta pale pale alipoanza. Hakika yake hakujifunza sataranji: amejizoeza makosa yake mpaka yamekuwa mepesi. Mazoezi hayachagui, hukaza mema na mabaya kwa nguvu moja.

Wataalamu wa elimu ya nafsi walilichunguza jambo hili zamani. Adriaan de Groot wa Uholanzi, katika kitabu alichotoa mwaka 1946, alionyesha ya kuwa mabingwa hawatazami mbele kwa hatua nyingi sana kupita wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti yao ni kuwa hatua njema huwajia mapema. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mpango ulipotoka katika mchezo wa kweli, bingwa alimpita mwanagenzi kwa mbali. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Basi jicho la bingwa halikuzaliwa kali, limesoma. Huona maumbo kama msomaji aonavyo maneno, wala hahesabu herufi.

Mfano mkubwa ni Bobby Fischer. Mwaka 1970, mjini Herceg Novi, katika nchi iliyokuwa Yugoslavia, alikabili wapinzani 11, wengi wao mabingwa wa zama zile, kwa michezo ya dakika 5. Alipata alama 19 katika michezo 22. Mikhail Tal aliyemfuata alipata 14 na nusu. Kasi ile haikuokotwa njiani. Ilikuwa faida ya miaka mingi ya kusoma polepole.

Anayetaka kuendelea, basi, na atatue mafumbo ya sataranji kwa usahihi kwanza, kwa kasi baadaye: farasi anayetishia kete mbili kwa pigo moja, au ngome inayomfunga mfalme aliyebanwa nyuma ya askari wake mwenyewe. Maumbo haya hurudi kila siku kwa nguo nyingine. Namna moja au mbili za kufungua mchezo, zilizoeleweka sababu zake, zafaa kuliko kumi zilizokaririwa nusu. Na miisho ya mchezo, mathalani mfalme na askari mmoja mbele ya mfalme aliye peke yake, ijulikane vema kabla, maana hufika saa imebakiwa na sekunde 10, na sekunde 10 hazimfundishi mtu kitu.

Wakati nao wataka uangalizi. Hatua za mwanzo zinazojulikana zichezwe upesi. Akiba itumiwe pale kete zinapokabiliana na njia kugawanyika. Kabla ya kila hatua liulizwe swali moja: mpinzani ametaka nini kwa hatua yake ya mwisho? Swali hili hula sekunde moja na huokoa mchezo. Panapowezekana, ichaguliwe saa yenye kuongeza sekunde kwa kila hatua, mtindo ambao Fischer aliupatia hataza Marekani mwaka 1989. Kwa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, hatua 40 hupata sekunde 260 badala ya 180, na mwenye fikira njema haporwi ushindi na mwenye mkono mwepesi tu.

Lakini adui mkubwa hakai upande wa pili wa ubao. Mtu akishindwa, kitufe cha mchezo mpya kiko chini ya kidole na moyo unawaka. Huingia tena kwa kulipiza kisasi, akashindwa tena. Alama zake hushuka, naye hushuka nazo. Mke husema asijibiwe. Mtoto huuliza akaambiwa angoje. Dakika 3 ni kitu kidogo, lakini michezo 20 ya dakika 3 kwa kila upande yaweza kula saa 2 za usingizi. Kwa hivi mwenye kushindwa mara mbili mfululizo yafaa aache.

Kesho yake autazame mchezo alioupoteza, atafute kosa kwa akili yake mwenyewe, ndipo aiulize programu. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, mjini New York. Leo programu ya simu ina nguvu kupita binadamu yeyote. Baada ya mchezo ni mwalimu asiyechoka; katikati ya mchezo ni wizi, na mwizi huyo hujiibia kwanza yeye mwenyewe, kwa kuwa ushindi wake haumwachii elimu.

Maendeleo katika mchezo huu hayapimwi kwa alama peke yake. Aliyeendelea kweli ni yule awezaye kushindwa saa 3 ya usiku, na saa 4 akawa amelala.