Darasa la Nane la Baba

Marehemu baba yangu alimaliza darasa la nane, akaajiriwa ukarani. Kwa cheti hicho alipata nyumba ya kota, na mshahara uliotulisha sisi pamoja na wapwa wake waliokuja mjini kusoma. Binti yangu ana shahada. Anajitolea katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, halipwi ila nauli.

Wazee wenzangu husema vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi nasema tupige hesabu kwanza. Sisi tuliosoma miaka ya 1980 tulikwenda shule za bweni kwa waranti ya usafiri ya serikali, na chuo kikuu tulilala na kula bure, tukapokea na bumu, yaani posho. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha mikopo. Tangu 2016, mhitimu aliyekopa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Awali ilikuwa 8. Hapo bado mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mzigo uliobebwa na serikali umehamia kwa familia, na mahitaji nayo yameongezeka. Ni kweli ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022. Mbona basi mtu wa mshahara wa kawaida anakopa saccos ampeleke mwanawe Inglish midiam? Wengine ni majivuno, sikatai. Lakini shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na kwenye usaili wa kazi nyingi Kiingereza ndicho kinachopimwa. Mzazi anayelijua hilo hulipa. Enzi zetu, mtoto wa bosi na wa mkulima walibanana dawati moja.

Viwanja je? Rika langu lilinunua Kimara na Mbezi. Kijana wa leo anatazama Chanika, mbali zaidi na mji, naye atapandisha tofali kidogokidogo kwa miaka.

Mzazi mwenzangu, kama una chumba cha uani, usikimbilie kukipangisha. Mwachie mwanao akae bure mpaka asimame, na usimuulize mbele ya wageni atajenga lini.